Bwana Kipimo Achagua Kiti

Mlango wa studio ulifunguka, na aliyeingia alikuwa mama mkwe.

Wasomaji walioapa wiki nzima kwamba ni polisi wamekosa. Waliosema ni mume wamekosa pia, kwani mume ni dereva wa masafa marefu, na asubuhi hiyo alikuwa mpakani akisubiri karatasi zake zigongwe mihuri. Alikuwa mama mkwe, na mkoba wake mweusi kwapani. Nyuma yake, akitabasamu kama mtu aliyekwisha kusomewa hukumu ya ushindi, alisimama Bwana Kipimo.

Kwa aliyetukuta njiani, nieleze kwa ufupi. Mshonaji ambaye kiwandani wote humwita Kola, kwa kuwa hakuna amshindaye katika kushona kola za sare za shule, amekuja katika kituo cha redio kusema hadharani kwamba msimamizi wake alimbaka. Msimamizi huyo ndiye Bwana Kipimo, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya utepe wa kupimia usiotoka shingoni mwake. Kola alikwenda polisi. Aliambiwa arudi Jumatatu, na Jumatatu hizo zimekwisha kuwa tisa.

Leo ni Alhamisi. Jumatatu ijayo wasichana kumi na sita wataanza kazi kiwandani, na atakayewapokea mmoja mmoja katika chumba cha vipimo, mlango umefungwa, eti awapime makoti ya kazi, ni yeye huyo huyo. Ndiyo maana Kola hakuwa na Jumatatu nyingine ya kupoteza.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Kipindi huanza saa nne kamili, nacho hurushwa moja kwa moja.

Kola alisimama kwa heshima. Hakuwa amemwambia mkwewe neno hata moja. Bwana Kipimo ndiye aliyemwambia: alimfuata nyumbani asubuhi na mapema kwa gari lake, akamweleza kwamba mke wa mwanawe anakwenda kuuanika ukoo mzima redioni, na kwamba mama peke yake ndiye awezaye kumshika mkono na kumrudisha nyumbani.

Mama mkwe alimtazama Kola tangu kitambaa cha kichwa hadi viatu. Kisha akageuka akamtazama Bwana Kipimo.

"Nimepakiwa garini nikasikilizishwa upande mmoja," alisema. "Safari ilikuwa ndefu, na msemaji hakupumzika hata kwenye matuta. Sasa nionyesheni mahali pa kuketi, nisikie na upande wa pili."

Tabasamu la Bwana Kipimo lilibaki mahali pake, lakini halikuwa na kazi tena.

Hapo ndipo alipoingia Mkurugenzi wa redio, mtu mwembamba atembeaye na vidonge vya kiungulia mfukoni. Alikuwa amekwisha kupigiwa simu tatu asubuhi hiyo, zote kutoka kiwandani. Alitangaza masharti mawili, na akasema lisipofuatwa mojawapo, badala ya kipindi utapigwa muziki. Sharti la kwanza, Bwana Kipimo apewe nafasi ya kujibu, katika kipindi hicho hicho na chumba hicho hicho. Sharti la pili, sauti ya mwanamke ivishwe barakoa.

Barakoa, katika kituo kile, ni kifaa kidogo cha kugeuza sauti. Mtu akisema kupitia humo, redioni hutoka sauti nyembamba ya puani, ambayo hata mama aliyemzaa msemaji hawezi kuitambua. Imewasitiri wanawake wengi ambao wasingalithubutu kufungua kinywa bila ya hiyo, wala mimi sitaandika neno la kuidharau.

Lakini Kola alikuwa na sababu zake. Mwezi uliopita msichana wa meza ya pasi alizungumza kwa barakoa katika kipindi hicho hicho. Kesho yake, wakati wa chai, wapakiaji wa kiume walikuwa wakibana pua na kuigiza sauti yake, na Bwana Kipimo akasimama katikati ya ukumbi akauliza kama kuna yeyote amfahamuye bata aliyesema redioni jana. Watu walicheka. Msichana yule hakurudi kazini.

Basi Kola alimweleza Mkurugenzi, kwa adabu na bila kupandisha sauti, kwamba anayetaka barakoa apewe, tena apewe kwa mikono miwili, yeye haitaki. Alisema pia kwamba ameisoma karatasi ya utangulizi, na kuna maneno ndani yake yanamkwaza.

"Hapa mmeandika kwamba nilifanyiwa kitendo cha aibu," alisema, kidole juu ya mstari. "Aibu ya nani? Kama ni yangu, nielezeni nilifanya nini. Kama si yangu, iondoeni hapa, mwandike alichonifanyia kwa jina lake."

Mtangazaji, mwanamke mnene mwenye miwani aliyekiendesha kipindi kile kwa miaka tisa, alichukua kalamu akayafuta maneno yale bila kumtazama mkuu wake. Mkurugenzi alimeza kidonge. Kuhusu maneno, alisema, wafanye wapendavyo; kuhusu sauti, hapana. Barakoa au muziki.

Mtangazaji alipinga hilo la chumba kimoja. Alisema si haki kumketisha mtu ana kwa ana na aliyemdhuru, na kwamba katika miaka yake tisa halijafanyika hata mara moja. Alikuwa bado akisema, Kola alipomgusa begani.

"Mwache aje, dada. Miaka sita nimeketi kwenye cherehani naye akipita nyuma yangu. Leo akae mbele, nimwone."

Ilibaki barakoa. Dakika zilizosalia zilikuwa nne. Kola aliwaza wale wasichana kumi na sita, akaona kwamba sauti ya bata ni afadhali kuliko muziki, akainamisha kichwa akakubali. Machozi yalimlenga, si kwa woga bali kwa hasira.

Sasa nawaomba msome polepole kidogo, maana mambo yaliyofuata yalipita upesi, na nisingependa yeyote aseme nimemchezea kiini macho.

Studio ile ina viti viwili vya wageni. Kimoja kina mto na mahali pa kuegemeza mikono. Hicho kilinunuliwa makusudi kwa ajili ya wanawake wanaokuja kusema mambo mazito, na mbele yake kipo kipaza sauti cha kwanza. Kingine ni cha mbao tupu, kilichotolewa kantini, na mbele yake kipo kipaza sauti cha pili. Hicho ni cha wanaokuja kujibu. Mpangilio huo haujabadilika kwa miaka kumi na mmoja.

Upande wa pili wa kioo, mbele ya mashine, huketi Mzee Mitambo. Ni fundi wa sauti aliyebakiza miezi minane kustaafu, mtu wa shati la mikono mirefu na vifungo hadi kooni. Naye ana desturi yake, ambayo hakuna aliyemfundisha. Mwanamke akiketi kusimulia mambo ya namna hii, Mzee Mitambo hukigeuzia kioo mgongo. Huona si adabu mwanamume kumkodolea macho mtu anayesema jambo kama hilo. Hukivisha barakoa kipaza sauti cha kwanza, hugeuka ukutani, na hufanya kazi yake kwa masikio.

Asubuhi hiyo alifanya vivyo hivyo. Alibonyeza kitufe chake, akamvutia mama mkwe, aliyeletwa huko kusikiliza, kiti pembeni yake, akampa visikizio, akageuka.

Ndani ya studio, Bwana Kipimo alivitazama viti viwili, akaketi kwenye kile chenye mto.

Mtangazaji alimjulisha kwamba kiti hicho ni cha mgeni mwingine. Bwana Kipimo alimjibu kwamba msimamizi wa wafanyakazi tisini hawezi kukalishwa ubao wa kantini huku mshonaji wake akiegemea mto, na akauvuta mkono wa kiti karibu zaidi na kipaza sauti. Tena alisema ataanza yeye kuzungumza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Kola aliketi kwenye ubao.

Mpaka leo, ukimwuliza Mtangazaji kwa nini hakumjulisha Mzee Mitambo kwamba viti vimebadilishana watu, atakujibu kwamba taa nyekundu ilikuwa imekwisha kuwaka. Hilo ni kweli. Ilikuwa imewaka kwa muda wa sekunde moja.

Kwanza lilipigwa tangazo la kila siku, lililorekodiwa zamani: "Msikilizaji, sauti utakayoisikia sasa imebadilishwa ili kumhifadhi mtu aliyefanyiwa ukatili. Tunakuomba umsikilize kwa utulivu."

Bwana Kipimo aliitikia kwa kichwa, akidhani anasemwa mwenzake. Akakohoa. Ni mtu anayeipenda sauti yake, nzito ya kutoka tumboni, na kiwandani huitumia kama wengine watumiavyo kengele. Akaanza.

Ndani ya studio ilisikika sauti yake mwenyewe. Redioni ilisikika sauti ya bata.

"Mimi ni mtu wa heshima zangu," alisema bata. "Miaka kumi na minne nasimamia wanawake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunung'unika. Kwangu mimi kazi ni kipimo, na kipimo ni kazi."

Niwaambie jambo moja zaidi. Kiwandani mle redio hufunguliwa kwa spika nne za ukutani, na asubuhi hiyo Bwana Kipimo, kabla ya kuondoka, alikuwa ameagiza kipindi hiki kifunguliwe hadi mwisho, ili wafanyakazi wote tisini wasikie jinsi atakavyojisafisha.

Waliisikia. Mwanzoni walimhurumia bata, kama tangazo lilivyowaomba. Kisha bata akasema kazi ni kipimo na kipimo ni kazi, maneno ambayo wameyasikia kila asubuhi tangu waajiriwe, na mshona mifuko wa meza ya tatu akainua uso kutoka kwenye cherehani yake. Alimtazama jirani yake. Jirani alikuwa amekwisha kuficha mdomo kwa kitambaa cha sare. Kicheko kilianzia hapo, kikaruka meza ya nne, kikaingia chumba cha pasi, na wapakiaji wa kiume nao wakakosa pa kuweka nyuso zao.

Katika chumba cha mitambo, Mzee Mitambo alikuwa bado ameutazama ukuta, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa. Mwanamke gani huyu anayesimamia wanawake wenzake miaka kumi na minne?

"Mzee," alisema mama mkwe, akiinua sikizio moja, "samahani kwa kukuingilia kazi yako. Huyu anayelia humu ndiye yule aliyenileta kwa gari?"

Mzee Mitambo aligeuka. Alitazama kioo, kisha mashine, kisha kioo tena. Naye, mtu ambaye katika miaka thelathini na miwili hakuwahi kukosea waya, alilishika paji la uso wake kama mtu aliyesahau chungu motoni.

Mlango ulisukumwa. Mkurugenzi aliingia mbio, tai imekaa begani, akaamuru barakoa ivuliwe papo hapo.

"Haivuliwi," alisema Mzee Mitambo.

Alionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani ndani ya nailoni. Kanuni ya tano ilisema kwamba sauti ikishavishwa barakoa, haitavuliwa kabla ya kipindi kwisha, kwa sababu yoyote na kwa amri ya mtu yeyote. Iliandikwa mwaka ule kidole cha fundi mmoja kilipoteleza, na mwanamke mmoja akatambuliwa na mumewe kwa sekunde tatu tu za sauti yake halisi. Chini ya kanuni palikuwa na sahihi. Sahihi ilikuwa ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi aliisoma sahihi yake kwa muda. Kisha akasema basi, na mwanamke naye avishwe.

Mzee Mitambo alimweleza kwamba kituo kina barakoa moja tu. Alikwisha kuomba ya pili kwa barua nne, na nakala anazo.

Ilibaki njia moja. Ndani ya studio Bwana Kipimo alikuwa amemaliza maneno yake, akajilaza kwenye mto kwa raha, na Mtangazaji alikuwa akimgeukia Kola. Mkurugenzi alinyoosha mkono kuelekea kitufe chekundu, kile kinachokata kila kitu na kuleta muziki.

Mkono mwingine ulitangulia ukakifunika kitufe. Ulikuwa mkono wa mama mkwe.

"Wa kwanza umemwacha akamaliza," alisema. "Na huyu amalize. Mimi nimekuja kusikia wawili."

"Mama, hii ni mali ya kituo."

"Na yule ni mke wa mwanangu. Keti, baba, utajiumiza tumbo."

Mkurugenzi aliketi. Hakuna ajuaye kwa nini, labda ni tumbo kweli.

Basi Kola alisema. Hakujua kwamba sauti yake inatoka kama ilivyo. Alidhani amegeuzwa bata, na kwa sababu hiyo aliyachagua maneno yake kwa uangalifu mkubwa, yawe mazito kiasi cha kutochekeka hata katika sauti ile. Alitaja siku. Alitaja chumba. Alisema aliitwa akapimwe koti la kazi ilhali koti alikuwa nalo. Kwamba mlango ulifungwa kwa ufunguo. Kwamba alisema hapana, akairudia, akapiga ukuta, na nje cherehani zilikuwa zikilia mno mtu asiweze kusikia. Alisema: alinibaka. Alilisema neno hilo mara moja tu, akimtazama usoni, na Bwana Kipimo akaanza kuukunja utepe wake na kuukunjua.

"Nimeambiwa nitamwaibisha mume wangu," alimalizia. "Mume wangu nilimwambia kwa simu, akalia, akaniambia sema. Nimeambiwa nitaaibisha ukoo. Mimi sikuja kutafuta anihurumiaye. Nimekuja kwa ajili ya wasichana kumi na sita watakaoingia chumba kile Jumatatu. Mzazi yeyote mwenye binti miongoni mwao, amesikia."

Kiwandani, kicheko kilikuwa kimekatika tangu neno la kwanza. Hapakuwa na wa kuuliza huyu ni nani. Sauti ya Kola kila mmoja aliifahamu, maana ndiyo iliyowaimbia walipochoka. Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, kuanzia dirishani hadi mlangoni, na ukumbi ule, ambao haujawahi kunyamaza saa za kazi tangu ujengwe, ukatulia kama darasa la mtihani.

Kisha simu za studio zikaanza kulia.

Wa kwanza alikuwa mshona mifuko wa meza ya tatu. Mtangazaji alimkumbusha, kama ilivyo desturi, kwamba si lazima ataje jina. Alimjibu kwamba analitaja. Akalitaja, na la baba yake, na namba yake ya kazi, akasema chumba cha vipimo anakifahamu, na yeye aliingizwa mwaka wa juzi. Wa pili alikuwa mkata nguo. Wa tatu alikuwa mwanamke aliyeacha kazi zamani, sasa anauza viatu, akaomba radhi kwa kelele za wateja. Wa nne alisema yeye angependa barakoa, kama haiudhi. Mtangazaji akamwambia aweke simu chini, watazungumza faragha baada ya kipindi, wala halazimiki kusema lolote hewani. Wa tano, wa sita na wa saba walipiga kwa simu moja, wakipokezana. Wa nane alikuwa yule msichana wa meza ya pasi.

"Bata wa mwezi uliopita ndiye mimi," alisema. "Leo nimekuja bila manyoya."

Kola aliposikia hayo, ndipo alipomgeukia Mtangazaji kwa mshangao, na Mtangazaji, akikizuia kicheko kwa heshima ya kazi, akamwandikia kwenye karatasi: Walikusikia wewe mwenyewe. Bata ni yeye. Kola aliisoma mara mbili. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki tisa. Alicheka hadi akashika ubao wa kiti.

Bwana Kipimo alijiona ameudhiwa, ingawa bado hakujua kwa lipi.

Mpigaji wa tisa aliyanyamazisha yote hayo. Alikuwa mwenye kiwanda, mzee asiyejulikana kusikiliza redio, na ambaye asubuhi hiyo alitoka ofisini kwake kuuliza kwa nini cherehani zimenyamaza.

Hakupandisha sauti. Alisema hawezi kumwondoa mtu kazini kwa ajili ya maneno ya simu, maana simu haina uso. Hao wote waliopiga, pamoja na huyo aliyeko studio, wafike ofisini kwake leo saa nane mchana, wamweleze wakimtazama machoni. Wakifika wote, Bwana Kipimo hatapokea msichana hata mmoja Jumatatu, na faili la maelezo yao litapelekwa polisi kwa mkono wake mwenyewe. Akikosekana mmoja, basi yote ni porojo, na kazi itaendelea kama kawaida.

Akakata simu. Taa nyekundu ikazimika.

Bwana Kipimo alitoka akinyoosha koti, akauliza chumba kizima kama amesikika vizuri. Mzee Mitambo, ambaye ni mtu mkweli, alimrudishia kipande kidogo cha kipindi. Bwana Kipimo alisikiliza kazi ni kipimo na kipimo ni kazi. Rangi ilimpanda, ikamshuka. Alisema atakwenda mahakamani, akaelekea mlangoni, na mama mkwe akamsogezea kiti kilichokuwa njiani asije akajikwaa.

"Jirani yangu anafuga bata," alimwambia. "Dume lake ana besi kukushinda."

Gari liliondoka bila ya mama. Basi mama mkwe na mke wa mwanawe walikwenda kwa miguu, pembezoni mwa barabara, mkoba mweusi katikati yao.  Kola alikuwa akihesabu moyoni. Mshona mifuko atakuja, huyo haogopi mtu. Mkata nguo ana mume mkali. Muuza viatu ataliacha duka na nani? Yule wa nne hataki hata kusikika, atakubali vipi kuonekana? Mmoja tu akikosekana, wasichana kumi na sita.

"Kwa nini hukuniambia?" mama mkwe aliuliza hatimaye.

"Niliogopa, Mama. Nilidhani utasema nilimtaka mwenyewe."

Mama mkwe alitembea hatua kadhaa.

"Ningesema," alijibu. "Hata leo asubuhi garini, karibu niseme. Yule mtu alikutukana njia nzima, nami nikawa naitikia. Hilo nalo ulijue, usije ukanisifu bure."

 Kola alimpokea mkoba, akaubeba yeye.

Walifika kwenye geti la kiwanda saa nane kasoro dakika tano. Ua ulikuwa mtupu. Walichungulia ukumbini: cherehani zimefunikwa, meza ya tatu haina mtu, chumba cha pasi kimefungwa. Hapakuwa hata na mfagizi.  Wamerudishwa nyumbani, Kola alisema. Wametishwa, wamekwenda zao.

Mlinzi wa geti aliwatazama, akatikisa kichwa, akanyoosha rungu lake kuelekea juu.

Ofisi ya mwenye kiwanda ipo ghorofa ya tatu. Kuanzia mlango wake, ngazi zote zilikuwa zimejaa wanawake. Hawakuwa nane. Kila mmoja alikuwa amekuja na kigoda chake cha kazi, kwa kuwa walijua kusubiri kutakuwa kwa muda mrefu, na sasa walikuwa wameketi, wawili kila kidato, wakigawana karanga na kubishana ni nani aliyetangulia kufika. Muuza viatu alikuwepo na boksi la viatu mapajani. Yule wa nne alikuwepo, amejitanda mtandio usoni, na wenzake wamemzunguka asionekane na mtu asiyemtaka.

"Kola," mshona mifuko aliita kutoka juu, "ulikuwa wapi? Tumekuwekea nafasi tangu saa sita. Mama, shikamoo. Wapisheni wapite."

Vigoda vilisogezwa. Kola alipanda, huku akishikwa mikono na watu ambao kwa wiki tisa walikuwa wakiinamisha macho apitapo. Wengine walimcheka kwamba ameanza kunenepa tangu awe mtu wa redio. Mama mkwe alifuata nyuma akipokea shikamoo kila kidato, na kuwaagiza waliokaa ovyo wakae vizuri, kwani wanakwenda kuonana na mkubwa.

Walipofika kidato cha juu kabisa, maneno yakapungua, kisha yakaisha.

Mbele ya mlango alisimama mwanamke mmoja asiye na kigoda. Alikuwa amevaa vizuri kupita wote, na alikuwa amezigeuzia ngazi mgongo. Mshona mifuko alimnong'oneza Kola kwamba huyo aliwakuta wamekwisha kupanga foleni, akapanda moja kwa moja bila kumsalimu mtu, na hakuna aliyethubutu kumzuia, maana wote wanamfahamu.

Kola naye alimfahamu. Alikuwa mke wa Bwana Kipimo.

Kola aliuweka mkoba chini. Alimwambia kwa upole kwamba kama amekuja kumtetea mumewe, ni haki yake, ila asubiri zamu yake kama wengine.

Mwanamke yule aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu na yametulia, kama ya mtu aliyemaliza kulia miaka mingi iliyopita.

"Zamu yangu ndiyo ya kwanza," alisema. "Kabla sijawa mke wake, nilikuwa mshonaji wake."

Na mlango wa ofisi ukafunguliwa kutoka ndani.